Sura ya Sita: Kumbukumbu ya Kutia Mfukoni

Februari ikifika, nyumbu huenda kuzaa kwenye tambarare za majani mafupi zinazopakana na Piyaya, Wilaya ya Ngorongoro, na mfugaji wa huko huwa na mengi ya kukumbuka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ndama wa nyumbu wapatao nusu milioni huzaliwa ndani ya wiki chache. Majani ya pale ni matamu, lakini ng'ombe hapelekwi. Ndama wa nyumbu katika miezi yake ya mwanzo hutoa virusi kwenye kamasi na machozi. Yeye mwenyewe haumwi, ila ng'ombe akivipata na kuugua, hakuna tiba. Basi mifugo inaondolewa, na familia inagawanyika. Vijana wanakwenda na kundi kubwa upande wa milimani. Kina mama, watoto na wazee wanabaki na ng'ombe wachache wa maziwa. Tangu siku hiyo boma moja linaishi mahali pawili.

Maswali nayo yanaanza kusafiri. Nyumbu wamefika wapi leo? Ndama yupi amechanjwa ndigana kali, na yupi bado? Yule mtamba aliyechomwa sindano, maziwa yake yataanza kunyweka lini? Nani alichukua mbuzi wawili kwa ahadi ya kulipa siku ya mnada? Mtoto mdogo anatakiwa kliniki tarehe ngapi?

Sura hii inahusu chombo cha kubeba mambo hayo: chombo kidogo cha mkononi chenye kalenda, majina, namba, kengele na nafasi ya kuandika. Zamani kilikuwa kifaa cha peke yake. Leo, kwa karibu kila msomaji wa kitabu hiki, kimo ndani ya simu. Nimeichagua Piyaya makusudi. Mjini, umeme wa ukutani, mnara wa jirani na fundi wa mtaa wa pili hutuficha mengi, tukanunua simu kwa rangi yake na idadi ya kamera. Ndani kabisa ya Wilaya ya Ngorongoro hakuna cha kumficha mnunuzi. Kosa la kuchagua linaonekana siku ya tatu, chaji inapokwisha.

Mtu aliyenifundisha namna ya kuanza ni Mmarekani ambaye sikuwahi kukutana naye. Jeff Hawkins, katika miaka ya 1990, alitaka kutengeneza kijitabu cha kielektroniki cha mfukoni. Kabla ya kugusa waya hata mmoja alichonga kipande cha mbao cha ukubwa wa mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Mtu akimwomba miadi, anakitoa na kujifanya anatazama kalenda. Akitaka namba ya simu ya mtu, anakigonga kwa kijiti kana kwamba anaandika. Kwa njia hiyo akajua ni mambo gani hasa yalimfanya aingize mkono mfukoni, na yalikuwa machache: tarehe, anwani, kazi za kufanya, maandishi mafupi. Pilot ilipotoka mwaka 1996 ilifanya hayo manne upesi na vizuri, kwa betri mbili ndogo za dukani zilizodumu kwa wiki kadhaa, na watu waliinunua kwa wingi. Miaka mitatu kabla yake Apple walikuwa wameleta Newton, mashine iliyojaribu kufanya makubwa zaidi, hata kusoma mwandiko wa mwenye nayo. Ilikuwa kubwa mno kwa mfuko na ghali mno kwa wengi, na mwaka 1998 ikaachwa.

Kipande cha mbao hakigharimu kitu, na ningependa kila anayekwenda dukani apitie zoezi hilo kwanza. Chukua kijidaftari cha shuleni na kalamu, ukae navyo wiki moja. Kila jambo likikuponyoka, au ukijikuta unamuuliza mwenzako kitu ulichokuwa unakijua jana, liandike. Asiyeandika amwambie mtoto amwandikie. Mwisho wa wiki soma orodha hiyo kabla hujasikia neno lolote la muuzaji.

Orodha ya mfugaji wa Piyaya itamshangaza mtu wa mjini, kwa sababu ng'ombe hawatakuwamo. Mfugaji anawajua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa mama aliyemzaa na kwa mtu aliyempa. Jioni kundi likiingia zizini anaona pengo bila kuhesabu. Nimeona programu kadhaa za mifugo ambazo hatua yake ya kwanza ni kumtaka mfugaji asajili kila mnyama, jina, umri na picha, kana kwamba hapo ndipo penye shida. Hatua hiyo inamchosha kwa kazi ambayo kichwa chake kinaifanya vizuri kuliko mashine, halafu inamwacha bila msaada pale anapouhitaji.

Vinavyoponyoka ni tarehe na ahadi. Ng'ombe akichomwa dawa ya kuua vijidudu, maziwa yake hayapaswi kunywewa wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Chupa imetupwa, aliyechoma sindano amehama na kundi, na mama anayekamua asubuhi hana wa kumuuliza. Hapo kengele ya simu yenye neno moja, jina la ng'ombe, inaokoa afya ya watoto. Vivyo hivyo tarehe ya kurudia dawa ya minyoo, siku ya kuogesha, siku ya kliniki, siku ya kulipa deni.

Kazi hiyo kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, kinaiweza. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wengi wanaomiliki kitochi hawajawahi kufungua kalenda yake. Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003 ilikuwa na tochi, kengele, kumbusho na vitufe vilivyofunikwa kwa mpira ili vumbi lisiingie, na ikauzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani. Nokia 105 ya mwaka 2013 ilitangazwa kuwa inaweza kukaa siku 35 bila kuchajiwa ikiwa haipigi wala kupokea. Ukitumia, siku hizo zinapungua sana, lakini hata ikibaki wiki moja ni wiki nzima ambayo kijana yuko malishoni na kumbukumbu zake zinaamka kila asubuhi. Simujanja iliyozimika siku ya pili haikumbushi kitu.

Kwa hiyo swali la chaji ndilo la kwanza, na liulizwe kwa siku. Ni siku ngapi hupita kati ya nafasi moja ya kuchaji na nyingine? Kama boma lina sola ya kutosha na simu inalala nyumbani, jibu ni usiku mmoja, na mlango wa simujanja uko wazi. Kama simu inakwenda na kundi, jibu ni siku nyingi, na sifa nyingine zote zinasubiri. Waliofikiri vizuri wamegawa kazi: kitochi kinakwenda na mifugo, simujanja inabaki bomani penye sola, na jioni taarifa zinapita kati yake kwa kupiga au kwa ujumbe mfupi. Familia inayoishi mahali pawili inahitaji vyombo viwili, na viwili vya bei nafuu mara nyingi vinaishinda simu moja ya bei kubwa.

Mtandao unakuja nyuma ya chaji. Penye mawimbi ya kuvizia juu ya kilima, ujumbe mfupi hupenya mahali ambapo sauti inakatika. Huduma za pesa nazo, tangu Vodacom walipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, zinafanya kazi kwa namba za nyota na reli bila bando lolote. Anayepiga *150*00# kwenye kitochi cha vumbi anafika palepale anapofika mwenye simu ya milioni. Nunua chombo cha laini mbili. Mtandao unaoshika kwenye makazi ya masika huenda usishike kwenye makazi ya kiangazi, na hapana ubishi wa mitandao unaozidi ushahidi wa kupanda kilima chako mwenyewe na simu ya jirani.

Mpaka hapa nimekipendelea kitochi. Kuna mtu mmoja ambaye kitochi kinamfungia mlango, naye ni yule asiyesoma.

Watu wengi hudhani kinyume chake. Husema huyu bibi hakwenda shule, mpe simu rahisi, simujanja watazipata wajukuu. Lakini kitochi ni chombo cha herufi na tarakimu. Jina linaandikwa, ujumbe unaandikwa, kumbusho linaandikwa. Asiyesoma hubuni njia zake, kama kuweka alama badala ya jina, nyota kwa mwanangu wa kwanza, reli kwa mwenye duka, nami naziheshimu sana mbinu hizo. Hata hivyo zinafika mwisho baada ya watu wachache. Simujanja inampa picha ya uso wa mtu mahali pa jina. Inampa ujumbe wa sauti, tena kwa Kimaasai, ambao anaweza kuusikiliza mara kumi na kumsikilizisha mwenzake. Bibi huyo anaweza kupiga picha mbuzi anayetokwa na kamasi na kumfikishia afisa mifugo kabla ya ugonjwa kuenea zizini. Kwa lugha ya matumizi, aliyekosa shule ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kupata kioo cha kugusa.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Katika miaka ya 1990, Louis Liebenberg wa Afrika Kusini alikuwa akifanya kazi na wafuata nyayo mahiri ambao hawakujua kusoma. Wangeweza kuutazama mchanga na kueleza mnyama gani amepita, lini, akifanya nini, na elimu hiyo yote ilikuwa inapotea kwa kukosa wa kuiandika. Yeye na wenzake wakatengeneza CyberTracker, programu ya kompyuta za mkononi za wakati ule iliyotumia michoro: mchoro wa mnyama, mchoro wa kula, mchoro wa kulala, mchoro wa kinyesi. Mfuata nyayo anagusa mchoro, na chombo kinaongeza mahali na saa. Walioonekana hawana elimu wakawa watoaji wa takwimu za uhifadhi ambazo wasomi walizitegemea, na mwaka 1998 Liebenberg akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Chombo kilibadilishwa kimfuate mtu, naye akaonekana alivyo.

Tanzania nayo ina historia yake katika jambo hili, na inastahili kujulikana zaidi. Mwaka 2004, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara walizunguka Lindi na Mtwara katika zaidi ya kaya 20,000 wakiwa na kompyuta za mkononi badala ya mabunda ya madodoso. Majibu yaliingizwa palepale nyumbani kwa mtu, na jibu lisilowezekana lilikamatwa kabla mdodosaji hajaaga. Miaka michache baadaye, Mtwara hiyohiyo ikajaribiwa programu ya mkononi iliyomwongoza mhudumu wa zahanati hatua kwa hatua katika kumpima mtoto mgonjwa. Na Ngorongoro yenyewe ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kutumia AfyaData, programu ya simu iliyotengenezwa na wataalamu wa SACIDS katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wanajamii waliofundishwa waliripoti dalili za magonjwa ya watu na ya mifugo kwa pamoja. Wilayani humo hilo ni jambo la maana, maana kimeta hakitofautishi zizi na nyumba.

Kinachonivutia zaidi katika AfyaData ni tabia moja ndogo: fomu inajazwa bila mtandao, inakaa ndani ya simu, na inatumwa mawimbi yakipatikana. Unapochagua programu yoyote ya kutunza kumbukumbu, iwe ya afya, ya biashara au ya kikundi, ijaribu hivyo. Zima data kabisa. Andika. Funga. Fungua tena. Kama ulichoandika hakipo, au programu inakuzungushia duara ikisubiri intaneti, achana nayo, hata kama inasifiwa Dar es Salaam nzima.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo vitabu vya namna hii hulisahau, yaani chombo ni cha nani. Simu nyingi za vijijini si za mtu mmoja. Asubuhi iko kwa baba, mchana mtoto anacheza nayo, jioni mama anapokea pesa. Tazama kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, VICOBA. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Hekima hiyo ni kubwa. Kisha anakuja mtu mwenye nia njema na kuwashauri wahamishie hesabu zote kwenye simu ya mweka hazina. Kufuli tatu zimegeuka kidole gumba kimoja. Ushauri wangu kwa vikundi ni kuacha daftari ndani ya sanduku liendelee kuwa kumbukumbu rasmi, na simu ifanye kazi mbili tu: kikokotoo wakati wa kikao, na picha ya ukurasa wa siku hiyo, inayotumwa kwa wanachama watatu kabla sanduku halijafungwa. Ukurasa ukichanwa, picha zipo. Simu ikiibwa, daftari lipo.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana mzigo wake tofauti, kwa kuwa anabeba siri za watu. Asikubali kutumia simu ya nyumba kwa kazi hiyo, na aweke namba ya siri asiyoijua hata mwenzi wake. Mtendaji wa kijiji anahitaji chombo kinachofungua barua na nyaraka zinazotumwa kutoka Loliondo, kwa hiyo kioo kikubwa kwake si anasa. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule Karatu, anayelinganisha bei za masoko kadhaa kabla ya kupakia gunia, anafaidika na simujanja yenye jedwali la hesabu, naye ana njia za kuchaji. Dereva wa watalii anayelala Karatu leo na kesho kambini anahitaji ramani zinazofunguka bila mtandao. Sioni sababu ya hawa wote kununua kitu kimoja kwa kuwa kimetangazwa redioni.

Kuna swali moja zaidi la kuuliza, nalo naliona zito kuliko bei: kumbukumbu zangu zitatokaje humu? Palm, kampuni iliyotengeneza Pilot kutokana na kipande kile cha mbao, ilinunuliwa na HP mwaka 2010, na mwaka uliofuata utengenezaji wa vifaa vyake ukasitishwa. Waliokuwa na miaka kumi ya majina na tarehe ndani yake walilazimika kutafuta njia ya kuvitoa. Hapa kwetu, mwaka 2019 Vodacom walileta Smart Kitochi, simu ya vitufe yenye intaneti iliyotumia mfumo wa KaiOS. Lilikuwa wazo zuri, na lilimpa mtu wa kipato kidogo ujumbe wa sauti bila gharama ya simujanja. Kufikia mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa imeondolewa kwenye mfumo huo. Kifaa bado kinawaka, bado kinapiga simu, lakini ile sauti ya mtoto aliyeko Arusha haiji tena kwa njia ile. Majina yaliyohifadhiwa kwenye laini hufuata laini, ingawa laini nyingi hubeba majina kama 250 hivi. Yaliyohifadhiwa kwenye simu hubaki na simu. Na kwa kuwa tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, laini iliyopotea inaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Kama imesajiliwa kwa jina la binamu aliyehamia Nairobi, jiandae kwa usumbufu. Sajili yako kwa jina lako. Na namba zile ambazo bila hizo huwezi kulala, za watoto, za kliniki, za mwenye deni kubwa, ziandikwe kwa kalamu pia.

Ukishajibu hayo yote, nenda dukani. Kama ni Wasso au Karatu, nunua kwa mtu ambaye utamkuta tena, na umuulize kwanza betri ya akiba na kioo cha akiba vinapatikana kwake. Simu ya sifa za kawaida ambayo fundi wa Karatu ana vipuri vyake ni bora kuliko nzuri ambayo kipuri chake kinaagizwa. Bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uthibitishe kuwa si bandia. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa nazo hawakurudishiwa hela na mtu.

Muuzaji atakuambia, "Baba, hii ina kamera mbili." Mshukuru, kisha toka nayo nje juani. Kama husomi kioo chake saa sita mchana hapo mlangoni, malishoni hutakisoma. Andika jina moja refu kwa kidole chako mwenyewe, si cha kijana wa dukani. Weka kumbusho la baada ya dakika tano, uizime simu, uone kama italia. Simu nyingine hulia zikiwa zimezimwa, nyingine hazilii, na hakuna maandishi kwenye boksi yatakayokuambia. Mwisho, kama betri inatoka, itoe, hesabu mpaka sitini, irudishe na uwashe. Tazama saa na tarehe. Baadhi ya simu za bei ya chini hurudi mwaka wa nyuma kabisa kila zinapokosa betri, na kengele ya chanjo uliyoiweka kwa mwezi ujao haitalia tena mpaka mtu agundue na kurekebisha tarehe. Ikirudi hivyo, irudishe juu ya kaunta na uombe nyingine.